Tulimzika Bibi na kitabu chake cha nyimbo

Naandika hii si kwamba msiba wetu ulikuwa wa ajabu, misiba kila mtu anayo. Naandika kwa sababu kuna makosa tuliyafanya ya kijinga kabisa na yote yalikuwa yanaepukika. Juzi hapa ofisini kuna mwenzangu ana bibi yake wa miaka tisini na kitu yuko Kibosho, nikamuuliza bibi yako alizaliwa wapi, akanijibu "si hukohuko Kibosho", nikajua huyu naye anakuja kulekule nilikopita mimi.

Bibi yangu mzaa mama alifariki Agosti 2023. Kwangu alikuwa bibi na mama kwa pamoja, maana mama yangu alikuwa nesi Tabora na mimi nikaachwa Marangu nina mwaka na nusu, nikakaa kwa Bibi mpaka namaliza darasa la saba. Kwa hiyo ungeniuliza kwenye ukoo wetu nani anamjua Bibi vizuri ningekwambia mimi bila kufikiria mara mbili. Nimelala naye kitanda kimoja miaka hiyo yote, najua anavyokoroma, najua kile kikohozi chake cha saa kumi na moja alfajiri akitoka kwenda kumwangalia ng'ombe. Nilikuwa najiamini mno.

Alilazwa siku tisa, akafariki usiku wa kuamkia Jumatano, na ikabidi akae mochwari mpaka Jumanne iliyofuata kwa sababu mjomba mmoja anaishi nje na tiketi haikupatikana haraka. Kikao cha familia kikagawa kazi, nani jeneza, nani turubai na viti, nani ng'ombe, nani ndizi, nani mbege, nani usafiri wa watu wa Dar. Ilipofika wasifu wa marehemu mjomba mkubwa akaninyooshea kidole, "wewe umesoma, na umekaa na mama, utaandika wewe". Nikasema sawa. Moyoni nikaona nimepewa kazi nyepesi kuliko wote, nikaiweka kiporo mpaka usiku wa mwisho.

Hilo ndo kosa namba moja, ila subiri yapo mengine.

Saa nne usiku niko sebuleni na laptop mapajani, nje wanaimba, ndani kuna mama zangu wakubwa kwa wadogo wamekaa kwenye mikeka. Nikafungua faili la wasifu wa mzee mmoja jirani tuliyemzika mwaka uliopita, nikasema nitabadilisha majina tu. Mstari wa kwanza: "Marehemu alizaliwa mwaka…" Nikauliza Bibi kazaliwa lini. Mjomba wa mwisho ambaye ndo alikuwa anakaa naye pale kihamba, shamba la nyumbani, akatoa kitambulisho cha NIDA, kimeandikwa 1938. Nikaandika 1938. Mama mkubwa, yule wa kwanza kuzaliwa, akasema taratibu kabisa, "mimi nimezaliwa 1949."

Sebule nzima ikanyamaza, kila mtu anapiga hesabu kichwani. Miaka kumi na moja! Mama mdogo akaanza kucheka na machozi yakimtoka, akasema jamani mama yetu tunamwaibisha na maiti iko mochwari.

Kumbe hiyo 1938 ilipatikanaje. Siku ya kuandikishwa NIDA Bibi alipelekwa kwenye pikipiki, akakaa foleni tangu asubuhi, alipofika mbele mashine ikakataa vidole vyake. Vidole vilikuwa vimefutika. Mtu amekata majani ya ng'ombe na kuchambua kahawa miaka sabini, alama za vidole zitakuwepo wapi. Yule kijana wa mashine akahangaika naye akamfuta kwa kitambaa akamwambia bonyeza tena bonyeza tena, na wakati huo anauliza mwaka wa kuzaliwa, Bibi kachoka anasema "nilizaliwa mwaka wa nzige", kijana hana habari za nzige, mjomba akaona foleni inanung'unika akasema "andika 38". Basi. Ndo ikawa 38 kwenye NIDA, ikawa 38 hospitali, ikawa 38 kwenye jeneza.

Na ikawa 38 kwenye vitabu vya ratiba ya ibada, maana vilikuwa vimeshachapwa. Binamu yangu alitangulia steshenari mchana, nakala 400, kila moja 1,500, kwa hiyo laki sita imeshakwenda na jalada lina picha nzuri ya Bibi na chini yake 1938 – 2023. Hakuna aliyekuwa na laki sita nyingine saa tano usiku. Tukakubaliana liende hivyohivyo.

Halafu unajua kilichoniuma zaidi? Baada ya mazishi, wiki kama mbili, nikakutana na mzee wa kanisa nikamsimulia kama kichekesho. Hakucheka. Akaniambia "kitabu cha ubatizo si kipo ofisini, mngekuja tu". Nikaenda. Ni kitabu kikubwa jalada limechakaa, mwandiko wa kalamu ya wino umeinama upande, na Bibi yupo, kabatizwa akiwa mtoto mchanga mwaka 1931, jina la baba yake, jina la mama yake, kijiji, majina ya wasimamizi wake wa ubatizo. Nzige wenyewe walikuwa wa miaka hiyohiyo, waliishambulia Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 20 mpaka mwanzoni mwa 30. Bibi alikuwa anasema ukweli siku zote, sisi ndo tulikuwa hatujui kusoma kalenda yake. Ofisi ya kanisa kutoka nyumbani ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa mguu.

Kwa hiyo kama mzee wako ni Mkristo wa zamani anza na kitabu cha ubatizo na cha kipaimara, na kile cha ndoa. Omba kwa heshima, nenda na mtu anayefahamika pale. Na kama hana kanisa au vitabu vimepotea basi usimuulize "ulizaliwa mwaka gani", hilo ni swali la ofisini. Muulize wakati unaolewa nani alikuwa mangi, yaani chifu. Muulize mtoto wa pili ulikuwa umembeba au alikuwa tumboni wakati Mangi Mkuu Marealle anasimikwa, hiyo ni 1952. Muulize Azimio la Arusha lilimkuta ana watoto wangapi, hiyo ni 1967. Muulize wakati wa vita ya Amin nani alikuwa ananyonya. Wazee hawana miaka, wana matukio, na ukishika matukio matatu miaka inajileta yenyewe.

Turudi usiku ule. Baada ya 1938 nikadhani yaliyobaki yatateleza. Wapi. Elimu: mmoja anasema darasa la pili, mwingine anasema la nne. Ndoa: mwaka haujulikani. Watoto: tukaandika saba, mama mkubwa akasema "tisa, wawili walifariki wadogo", na mimi miaka yangu yote sikuwahi kusikia hao wawili, hata mama yangu mzazi alikuwa anajua mmoja tu. Kazi: nikaandika "mkulima na mama wa nyumbani". Nikaangalia nilichoandika. Maneno matano kwa mtu wa miaka tisini na mbili. Saa nane usiku nikafunga laptop nikalala na viatu.

Na kwa sababu nilinakili faili la yule mzee jirani, kuna mstari nilisahau kuufuta. Asubuhi kanisani msomaji anasoma kwa sauti nzito, "marehemu alipenda sana kusoma magazeti na kufuatilia mpira". Bibi! Mpira! Nikasikia vicheko vimebanwa kwenye vitenge mabenchi ya nyuma. Siku hizi wajukuu wakikutana wanaulizana Bibi alikuwa Simba au Yanga. Sasa hivi nacheka, siku ile nilitamani ardhi ipasuke.

Ila hayo ya wasifu yanarekebishika, karatasi unaandika nyingine. Ambalo halirekebishiki ni hili la kitabu.

Bibi alikuwa na kitabu cha nyimbo cha kanisa, kile kidogo cha jalada jeusi, kimefungwa na raba kwa sababu mgongo uliachia. Alikuwa nacho kila mahali, kanisani, kwenye jumuiya, chini ya mto. Wakati wa kumvalisha mtu akasema (sijui ni nani, na hata ningejua nisingesema maana alikuwa na nia njema) kwamba tumuwekee kitabu chake kifuani, si alikipenda. Sote tukalia tukasema ndiyo. Mimi mwenyewe ndo nilikiweka, nikamkunjia mikono juu yake. Tukafunga jeneza.

Siku ya tatu tunaosha masufuria mama mdogo akasema kwa kawaida tu, kama anayeomba chumvi, "tarehe za watoto wote mama alikuwa anaandika nyuma ya kile kitabu cha nyimbo." Nikasema kipi. Akasema kile cheusi.

Nilikaa chini palepale kwenye majivu.

Kumbe zile kurasa tupu za mwisho, na pembeni mwa nyimbo, na ndani ya jalada, Bibi alikuwa anaandika kwa penseli miaka na miaka. Watoto waliozaliwa, waliokufa, ng'ombe, deni, mvua. Mimi nimelala naye kitanda kimoja miaka kumi na moja na kile kitabu kiko chini ya mto nilioulalia sikuwahi kukifungua mwisho, nilikuwa nafungua namba ya wimbo naimba nafunga. Watu wawili watatu kwenye ukoo walijua ila hakuna aliyeona kama ni kitu cha kusema. Tafadhali sana. Kabla hamjazika kitu chochote na mtu, kabla hamjachoma nguo au kugawa masanduku, mtu mmoja mtulivu akae afungue kila kitabu, kila bahasha, kila mfuko wa koti, apige picha kila ukurasa na simu. Ni kazi ya nusu saa. Maneno yake yako futi sita chini ya migomba na hakuna mtu wa kumwambia mchungaji tufukue.

Niseme na hela maana watu wanaogopa kusema. Msiba wetu ulikula kama milioni saba na laki mbili. Jeneza laki saba na nusu, turubai na viti na muziki laki tano, ng'ombe wawili na vyakula vingine ndo ilibeba nyingi, usafiri wa kupandisha watu kutoka Dar, sare za vitenge, mochwari, vitabu vya ratiba. Rambirambi zilirudisha kama nusu, nyingine tulichanga kwenye grupu na kuna watu mpaka leo ahadi zao hazijafika, nawajua, nanyamaza. Sina ugomvi na chakula, watu wametoka mbali lazima wale. Kinachonichoma ni laki nne na nusu ya video. Tulilipa vijana wakaja na kamera tatu na droni, tuna saa sita za video ya watu wanalia na turubai linaonekana kutoka juu kama tambi. Bibi mwenyewe akiongea, yupo hai, anatembea, hatuna hata dakika moja.

Niliwahi kuwa nayo. Desemba 2019 tulipopanda kuhesabiwa, yaani kurudi nyumbani kwa Krismasi, nilimrekodi sauti kwenye simu, dakika kama kumi na moja hivi, anaelezea namna ya kutengeneza mbege, unachemsha ndizi mbivu, unaziacha, unakuja na ulezi, na msesewe, lile gome chungu, usizidishe la sivyo wageni watakunja uso. Simu ikaibiwa Mbagala kwenye daladala mwezi wa pili. Sikuwa nimemtumia mtu yeyote ile sauti. Kwa hiyo ukimrekodi mtu wako siku hiyohiyo tuma kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja, hata kama watakuuliza hii ya nini.

Na kuna jambo la aibu kwangu. Miaka mitatu ya mwisho Bibi alianza kurudia hadithi. Hasa ile ya usiku wa Uhuru, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, wameambiwa mwenge utawashwa kileleni Kibo, basi wametoka nje wamejifunika mablanketi wanaangalia juu mlimani, baridi inakata masikio, hawaoni kitu, mawingu tu. Babu akasema labda wamesahau kiberiti. Hapo Bibi anacheka mwenyewe mpaka anakohoa. Nimeisikia hiyo labda mara ishirini. Na mara ya mwisho, kwenye simu, mimi niko kwenye foleni ya magari Ubungo nimechoka, nikamwambia "Bibi hiyo si ulishanihadithia". Akanyamaza kidogo, akasema "ee, kweli", akauliza kama nimekula. Hakunihadithia tena.

Binamu yangu alikuwa na subira kuliko mimi. Yeye alikuwa anamwacha aimalize kila mara, na ananiambia haikuwa hadithi moja, kila akirudia kuna kitu kinaongezeka. Mara moja aliongeza kwamba usiku ule alikuwa na mimba na alishindwa kusimama muda mrefu akakaa juu ya kinu. Mimba hiyo ni mama yangu. Mama yangu kazini aliandikwa 1964. Kastaafu na 1964.

Makaratasi baada ya mazishi sitayamaliza hapa, ila haya mawili. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, msisubiri kuanua matanga na watu kutawanyika. Na angalieni majina mapema. Bibi alikuwa na jina la ubatizo kanisani, jina la Kichagga kwenye kadi ya chama cha msingi cha kahawa, na hospitali alipokelewa kwa jina la babu. Kwa kila ofisi hao walikuwa wanawake watatu tofauti. Ilibidi tule kiapo kwa wakili, turudi, tuambiwe herufi moja imekosewa, twende tena. Kwenye simu yake ya kitochi kulikuwa na elfu sitini na nne na namba ya siri alikuwa anaijua yeye na Mungu wake, tukaambiwa tulete barua ya msimamizi wa mirathi, nauli zake zingezidi hiyo hela, tukaiacha. Ukiwa na mzee, siku moja akiwa mzima na ametulia kaeni naye mkusanye karatasi zake zote mezani mlinganishe majina. Hatakasirika. Wazee wengi wanapenda karatasi zao ziheshimiwe.

Sasa, kilichonipa amani kidogo ni safari niliyofanya Desemba iliyofuata. Mama mkubwa aliniambia kuna bibi mmoja wa Mamba walipata kipaimara pamoja na walikuwa wanateremka soko pamoja, bado yupo, macho hayaoni vizuri ila kichwa kizima. Nikaenda na sukari kilo mbili na kitenge. Shikamoo Bibi, marahaba mjukuu wangu, wewe ni wa nani, nikasema, akanishika uso kwa mikono yote miwili akasema "una paji la uso lake, hebu kaa".

Nilikaa kuanzia saa nne mpaka jua linakwenda Machame. Safari hii nilirekodi na nilituma kwa watu watatu nikiwa bado kwenye kigoda.

Pale ndo nilipojua nini kilikuwa ndani ya yale maneno "mkulima na mama wa nyumbani". Kahawa ilikuwa ya baba. Mwanamke anapalilia, anachuma, anamenya, anaanika, anabeba mpaka chama, lakini siku ya malipo anayeitwa jina ni mwanaume. Cha mwanamke kilikuwa ndizi na maziwa. Kwa hiyo Bibi yetu na huyu mwenzake walikuwa wanaamka usiku, mikungu kichwani, wanateremka Himo au wanakwenda Mwika, wakirudi wanapitia porini kule chini kukata majani ya ng'ombe maana ng'ombe huku juu anafugwa ndani, halipo eneo la kuchunga. Wanapanda mlima na mzigo wa majani shingo imezama. Hela ya ndizi ndo iliyonunua daftari. Mama yangu kuwa nesi, yule bibi akaniambia, ni mikungu ya ndizi. Kahawa ilinunua bati na redio.

Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "walikusimulia ya sabuni?" Nikasema hapana. Akaanza kucheka kabla hajasimulia.

Miaka ile vitu viliadimika madukani, sabuni hakuna, sukari hakuna, mafuta ya kula unayaota, na mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977. Lakini Himo ni Himo, na Holili si mbali, na watu walikuwa na njia zao. Bibi yetu, mama wa kanisa, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alikuwa anapitisha sabuni ya unga na mafuta ya mgando chini ya ndizi! Anaweka vitu chini ya kikapu, juu ndizi mbivu zinanukia mpaka askari anatamani, anamkatia askari chane moja anapita. Alifanya hivyo kama miaka mitatu. Ikaja 1983, Waziri Mkuu Sokoine akatangaza vita na wahujumu uchumi, watu wakaanza kukamatwa, redio kila siku inataja walanguzi. Usiku mmoja wakasikia wanakagua nyumba kata ya jirani. Bibi akabeba mifuko yote ya sabuni akaimwaga kwenye mfongo unaopita mgombani.

Sasa mfongo ni maji yanayotembea, yanapita kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, mpaka chini kabisa. Kumekucha mfongo mzima unatoa povu. Povu mpaka kwenye masale ya mipaka. Watu wanatoka na ndoo hawajui wachote au wakimbie, mzee mmoja akasema ni ishara. Bibi naye akatoka akasimama na wenzake anashangaa, "jamani hii nini tena". Babu hakuwahi kujua. Mchungaji hakuwahi kujua. Yule bibi anasema Jumapili ile walikaa benchi moja wakaimba wimbo wa kuoshwa dhambi wakashindwa kuangaliana.

Nilicheka mpaka nikalia, na sijui nilikuwa nalia kwa kitu gani. Kwenye wasifu wetu hakuna sabuni. Kuna mpira.

Tukiongea akaniuliza kile kitabu cheusi kiko wapi, yeye alikuwa anakijua. Nikamwambia ukweli. Akatikisa kichwa akasema "basi yuko nacho, si mmempa" na hakuongeza neno, na mimi nikashukuru.

Lakini kuna ukurasa mmoja upo. Binamu yangu, yuleyule mwenye subira, mwaka 2021 alipiga picha ukurasa wa mwisho wa kitabu kwa sababu Bibi alikuwa amemwandikia pembeni namba ya fundi wa pampu. Aliitafuta picha hiyo kwenye simu yake wiki nzima akaipata. Namba ya fundi iko juu kwa peni ya bluu, chini yake kuna penseli ya zamani imefifia. Nikamsomea yule bibi nikiwa nimekuza herufi:

"1971. Ng'ombe kazaa dume. Mvua imechelewa. Mtoto homa siku 4, amepona. Kahawa kilo 212 hela kachukua baba. Ndizi mikungu 3 Himo. Ulezi debe 1", na mbele ya ulezi herufi mbili za jina.

Akaniambia nirudie herufi. Nikarudia. Akasema "ni mimi huyo". Kaka yake alikuwa anaoa, walipungukiwa ulezi wa mbege, Bibi akamkopesha debe moja, na yeye hakulipa, kwanza mavuno yalikuwa mabaya, halafu wakasahau, halafu akaona aibu kukumbusha. Miaka hamsini na zaidi wanakaa benchi moja.

Akasimama kwa kujishika ukuta, akaingia ndani, nikasikia anakorogakoroga vitu gizani, akamfokea mjukuu wake asimsaidie. Akatoka na sado ya ulezi imejaa mpaka juu, akaniwekea mapajani. Nikasema Bibi jamani mimi sikuja kudai. Akasema hii ni ya kwanza, debe halijatimia, zilizobaki nifuate Desemba ijayo nikija kuhesabiwa.